Kishikwambi cha sensa na ngoma za Babati

Vishikwambi vilivyotumika kuhesabu Watanzania Agosti 2022 viligawiwa walimu baada ya sensa. Ndiyo maana leo, katika shule nyingi za msingi zisizo na chumba cha kompyuta wala projekta, kifaa cha kisasa kuliko vyote kimo ndani ya mkoba wa mwalimu. Kwa kawaida hutumika kujaza takwimu, kusoma muhtasari na kuandaa somo. Mimi naamini kinafaa kwa kazi nyingine ambayo watu wachache wameifikiria: kuwafundisha ngoma watoto wa madarasa ya chini, hasa katika mji kama Babati.

Najua swali litakalofuata. Mtoto wa Kiafrika naye afundishwe kucheza na mashine? Wengi wetu tumekua tukiambiwa kwamba ngoma imo kwenye damu. Haimo. Mtoto hujifunza ngoma kwa sababu amebebwa mgongoni na mama anayecheza, kisha akasimama kando ya wakubwa akiwatazama, kisha siku moja akaruhusiwa kuingia. Hakuna aliyemwita darasani, lakini alifundishwa miaka mingi. Mtoto ambaye hakubebwa kwenye mgongo ule wala hakupata pa kusimama akatazama, damu haimsaidii kitu. Na mtoto wa mjini, anayetoka nyumba ya kupanga kwenda shule na kurudi jioni kwenye runinga, amekosa yote mawili.

Babati ni makao makuu ya Mkoa wa Manyara tangu mkoa huo ulipomegwa kutoka Arusha mwaka 2002. Mji umekaa kwenye barabara kuu ya Arusha kwenda Dodoma, chini ya Mlima Kwaraa, jirani na ziwa lenye viboko. Ardhi hii ni ya Wagorowa, ambao vitabu vya zamani huwaita Wafiomi. Wairaqw wamejaa mjini na katika vijiji vya kuelekea Mbulu. Wabarbaig wako upande wa Hanang na mifugo yao. Wambugwe wako bondeni kuelekea Ziwa Manyara, Warangi wamepanda kutoka Kondoa, Wamasai wanatoka Simanjiro na Kiteto, na katika bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, wapo Wahadzabe. Ongeza watumishi wa serikali na wafanyabiashara waliofuata mkoa mpya kutoka kila pembe ya nchi. Wanaisimu hulipenda eneo hili kwa sababu lugha za Kikushi, Kinailoti, Kibantu na zile zenye vidoko zote zinasemwa humu na jirani na humu. Sijui ni miji mingapi Afrika inayoweza kusema hivyo.

Watoto wa jamii hizo hukaa dawati moja. Kiswahili kimewaunganisha vizuri, na tunapaswa kujivunia hilo. Miili yao, hata hivyo, imetoka kwenye shule tofauti. Mmasai hahitaji ngoma ya kupigwa: mdundo unatoka kwenye koo za wenzake, naye anajibu kwa shingo, mabega na kuruka wima. Ukishuka kusini kwa Wagogo wa Dodoma unakuta muheme, ngoma ya wanawake inayobanwa katikati ya mapaja na kupigwa huku mchezaji akitembea nayo. Kati ya hawa na wale kuna namna nyingi za kukanyaga, za kuitikia na za kupokezana, na kila moja ina wazee wake wanaojua ipi ni ya mavuno, ipi ni ya harusi, ipi haichezwi mbele ya watoto.

Sasa mtazame mwalimu. Walimu wa serikali hupangiwa kazi popote. Aliyekulia Kagera au Mbeya anaweza kujikuta mbele ya darasa la pili Babati, mkononi ana muhtasari unaomtaka afundishe michezo na ngoma za jamii inayoizunguka shule, na yeye hajawahi kuziona. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutekelezwa mwaka 2024, umeipa sanaa nafasi iliyo wazi zaidi kuliko zamani. Kuanzia darasa la tatu somo lenyewe linaitwa Sanaa na Michezo. Nafasi ipo kwenye ratiba. Anayekosekana ni mtu wa kuijaza. Matokeo yake tunayajua sote: kipindi cha ngoma kinageuka kipindi cha mpira, au watoto wanafundishwa wimbo mmoja wa kumpokea mgeni rasmi, unaorudiwa mwaka baada ya mwaka.

Tatizo hili si la jana. Desemba 1962, alipolihutubia Bunge kwa mara ya kwanza akiwa Rais wa Jamhuri, Mwalimu Nyerere alieleza jinsi wasomi wa wakati wake walivyojua rumba, chachacha na dansi nyingine za wageni, ilhali wengi hawakuwa wamewahi kucheza wala hata kusikia habari za gombe sugu, mangala, kiduo au lelemama. Hapo hapo alitangaza wizara ya utamaduni na vijana. Baadaye ikaundwa timu ya taifa ya ngoma, na mwaka 1981 kikaanzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho leo ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa.

Kazi ile iliokoa mengi, nami naiheshimu. Iliacha pia alama ambayo bado tunaiona kwenye viwanja vya shule. Ngoma iliyokuwa ikichezwa usiku kucha ilikatwa ikawa ya dakika chache. Duara lilifunguliwa likawa mstari, kwa sababu viongozi walikaa upande mmoja na ilibidi waone nyuso. Mashindano ya UMITASHUMTA, ambako watoto wa shule za msingi hushindana kwa riadha, mpira, kwaya na ngoma, yamerithi umbo hilo: mistari, sare, kuingia, kuonyesha, kutoka. Kamera nayo hukaa upande mmoja, kama kiti cha mgeni rasmi. Kwa hiyo kabla ya kuamua tufanye nini na kishikwambi, tujue kwamba kikiachiwa kifanye kinavyopenda, kitamaliza kulinyoosha duara lililobaki.

Kedmon Mapana, msomi wa muziki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyekuja kuwa Katibu Mtendaji wa Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), ameandika kuhusu watoto wa Kigogo na pengo lililopo kati ya muziki wanaokua nao nyumbani na ule wanaokutana nao shuleni. Nyumbani mtoto hujifunza kwa kuingia. Shuleni hujifunza kwa kuambiwa. Kutoka Babati hadi Dodoma ni safari ya saa chache tu, na pengo ni lile lile. Teknolojia inaweza kulipanua pengo hilo au kulipunguza, na tofauti iko katika mambo madogo ambayo nitayaeleza kwa kirefu, kwa sababu mwalimu anayesoma makala haya Jumapili atakuwa darasani Jumatatu.

Nianze na redio, kwa kuwa ndiyo iliyotangulia na ndiyo tuliyoisahau upesi. Redio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi ngoma za makabila kwa miaka mingi, na hazina yake ya kanda ni miongoni mwa mali kubwa za utamaduni tulizonazo. Lakini kanda huhifadhi sauti. Mguu uliokuwa ukikanyaga chini ya ule mdundo haumo. Ukimsikilizisha mtoto wa leo, atapata wimbo na mapigo, na hapo hapo ataishia, isipokuwa awepo mtu aliyeona.

Hata hivyo redio ilitufundisha jambo muhimu kuhusu watoto wadogo. Kuanzia mwaka 2006 Zanzibar kulikuwa na mradi wa elimu kwa njia ya redio ambao vipindi vyake viliitwa Tucheze Tujifunze. Vituo vya jamii vya watoto wa awali vilivyoanzishwa kwa ajili yake vilijulikana kama vituo vya TuTu. Kanuni ya vipindi vya namna ile ni rahisi. Mtangazaji anasema, kisha ananyamaza. Anawaomba watoto waimbe, wasimame, waruke, wahesabu kwa vidole, na anawaachia kimya cha kutosha kufanya hivyo kabla ya kuendelea. Mlezi aliyepo chumbani, hata kama hana mafunzo mengi, anafuata pamoja nao. Redio haina picha, kwa hiyo haiwezi kumwonyesha mtoto mwili wa mtu mwingine. Mwili pekee uliopo ni wa mlezi na wa wenzake. Mashine inatoa wimbo na muda, watoto wanatoa mwendo.

Linganisha na video. Mweke mtoto wa miaka sita mbele ya kioo kinachong'aa na jambo la kwanza atakalofanya ni kusimama tuli. Mdomo wazi, mikono chini. Anatazama. Kila mzazi mwenye runinga amewahi kuona. Vipindi vya watoto vilivyotengenezwa vizuri vinalijua hilo na vinapigana nalo: Ubongo Kids, iliyoanza kurushwa TBC1 mwaka 2014, na dada yake Akili and Me ya watoto wa chekechea, hutumia nyimbo na marudio hadi mtoto anajikuta anaimba kabla hajajua kusoma. Ni kazi ya Dar es Salaam tunayoweza kujisifia popote. Kuimba na kioo, hata hivyo, ni rahisi kuliko kucheza na kioo, maana mdomo hauhitaji macho.

Watoto wakubwa kidogo wamekwisha kujifunza kucheza kutoka kwenye simu bila sisi kuwaelekeza. Wanafunzi hawaruhusiwi kwenda na simu shuleni, lakini nyumbani ya mama ipo, ya kaka ipo. Afrika Mashariki nzima iliwaona Ghetto Kids wa Kampala, watoto waliocheza wimbo wa Eddy Kenzo, Sitya Loss, mwaka 2014, video ikazunguka dunia, na kufikia 2023 kundi hilo lilikuwa fainali ya Britain's Got Talent nchini Uingereza. Watoto wa Babati wanazijua hatua zile. Hakuna mwalimu aliyewafundisha. Sioni ubaya kwa mtoto wa Manyara kumwiga mtoto wa Uganda. Ni jirani yake. Kinachonisumbua ni fremu yenyewe. Video nyingi za simu zimesimama wima na nyembamba. Ndani ya wembamba huo anaenea mtu mmoja, na mara nyingi kuanzia kiunoni kwenda juu. Mikono, kifua na uso vinaonekana. Miguu na jirani vimekatwa. Mtoto anayejifunzia humo anajua kucheza peke yake akiitazama kamera. Hajui kumpokea mwenzake.

Sasa tuingie kiwanjani.

Shule nyingi za msingi zina darasa lenye watoto sabini au zaidi, kishikwambi kimoja, na kipindi cha dakika 30 kwa madarasa ya mwanzo. Kioo kile kidogo kinaonekana vizuri na watoto sita, labda wanane. Ukikiinua juu ili wote waone, nyuma watasukumana na mbele watazuia. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: usiwaonyeshe darasa zima video. Itazame wewe nyumbani. Itazame mara nyingi hadi miguu yako iijue, kisha iache mkobani. Mwanafunzi wa kwanza wa kishikwambi ni mwalimu, yule aliyetoka Kagera asiyejua ngoma ya Kigorowa. Darasani watoto wamwone yeye, mtu mzima mwenye jasho, anayekosea na kurudia.

Wapo watoto wachache wa kuwaonyesha: wanne au watano walio wepesi, wavulana kwa wasichana. Hao waitwe wakati wa mapumziko, waketi kivulini, waione video, waijaribu. Kesho yake kila mmoja anaongoza kundi lake. Mtoto wa miaka saba humfuata mtoto wa miaka nane kwa urahisi ambao mtu mzima haupati. Ndivyo ngoma ilivyokuwa ikifundishwa kijijini kabla ya shule: mdogo nyuma ya mkubwa kidogo.

Kuna suala la kushoto na kulia, linalowashinda walimu wengi. Mtoto wa darasa la kwanza ndiyo kwanza anaujua mkono wake wa kulia. Kumtambulia mkono wa kulia mtu anayemtazama uso kwa uso kunakuja baadaye. Mwalimu akisimama mbele akiwatazama na kuinua mguu wa kulia, nusu ya darasa itainua wa kulia na nusu itainua ule ulio upande ule ule wanaouona. Dawa ni kuwapa mgongo. Na unapomrekodi mchezaji kwa ajili ya kufundishia, rekodi mara mbili: mara moja kwa mbele ili uso na mikono vionekane, na mara ya pili ukiwa nyuma yake, kamera chini usawa wa magoti. Video ile ya nyuma ndiyo utakayoitumia. Mfunge kitambaa chekundu kwenye kifundo cha mguu wa kulia, wafunge na watoto hivyo hivyo kwa vipande vya kanga, na maneno "kushoto" na "kulia" hutayahitaji tena.

Halafu kuna mwendo. Karibu kila programu ya kuonyesha video ina kitufe cha kupunguza kasi, na walimu wakikigundua hufurahi sana. Kina faida yake: hatua ambayo jicho liliikosa inaonekana, unatambua kwamba kisigino kilitangulia kabla ya vidole, kwamba bega lilishuka kabla mguu haujainuka. Lakini tahadhari. Picha inaweza kupunguzwa kasi. Mwili unaoruka hauwezi. Mtoto akiambiwa aruke kwa nusu ya kasi ataishia kuchuchumaa na kuyumba, kwa sababu ardhi inamvuta kwa nguvu ile ile ya siku zote. Hatua za kukanyaga zinaweza kufundishwa polepole, kuruka hakuwezi. Kuruka kugawanye vipande: kukunja goti, kupaa, kutua, na kila kipande kifanywe kwa kasi yake halisi. Ngoma za jamii za wafugaji, ambako kuruka ndiyo roho ya mchezo, huharibika kabisa zikifundishwa kwa kitufe cha polepole.

Spika nayo ina hila yake. Wengi huunganisha kishikwambi na sabufa kwa bluetooth. Sauti inayopita hewani kwa njia hiyo huchelewa, sehemu ya kumi ya sekunde au zaidi, na baadhi ya spika huchelewa zaidi ya nyingine. Kwa kusikiliza muziki tu hutatambua. Kwa ngoma ni balaa: mtoto anauona mguu ukitua na pigo linakuja nyuma yake, basi anajifunza kuwahi mdundo bila kujua. Tumia waya. Waya wa spika hauna bei kubwa na unapatikana kwenye maduka ya simu hapo hapo mjini. Bora kuliko waya ni ngoma yenyewe, au hata dumu tupu na vijiti viwili mikononi mwa mtoto anayejua kushika pigo. Pigo la mtu humsubiri mchezaji aliyechelewa. La mashine halimsubiri yeyote.

Kuhusu bando na chaji nitasema machache. Pakua video mjini ambako mtandao ni mzuri, zihamishie kwenye memori kadi au fleshi, usitegemee intaneti uwanjani. Usizitume kwa WhatsApp kama video za kawaida, zinapunguzwa ubora hadi miguu inakuwa ukungu. Tuma kama faili.

Na kabla ya hayo yote, mwalimu asisahau kwamba watoto wake hawaanzi sifuri. Wamekimbia mchakamchaka tangu darasa la kwanza, wakiimba na kukanyaga kwa pamoja alfajiri. Wanajua ukuti na nyama nyama: duara, kiongozi anaita, wote wanaitikia kwa mwili. Wengi wamekua kwenye kwaya za Jumapili, na hapa nataka kusisitiza jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Kwaya zetu ndizo zilizoanza kufundishana uchezaji kwa video, tangu enzi za kanda na sidii: kwaya ya kijijini inanunua video ya kwaya ya mjini, inaitazama usiku kwa jirani mwenye jenereta, na wiki mbili baadaye hatua zile zinachezwa kanisani. Anayedhani teknolojia na mwili havikai pamoja Tanzania aende kwenye zoezi la kwaya.

Ni kweli pia kwamba baadhi ya wazazi wanaiogopa ngoma ya asili. Wengine kwa imani ya Kikristo, wengine kwa imani ya Kiislamu, wanaihusisha na matambiko. Hofu hiyo isidharauliwe. Waalikwe kwenye mkutano wa wazazi, waonyeshwe video zenyewe kabla watoto hawajaanza, waambiwe hii ni ya mavuno na hii ni ya harusi. Hapo ndipo kioo kidogo kinafanya kazi ambayo maneno hayaiwezi, kwa maana mzazi anaona kwa macho yake kitakachofundishwa.

Nimesema mwalimu aitazame video. Ipi? Hapa ndipo penye upungufu mkubwa. Tafuta kwenye intaneti ngoma za Kigorowa, na utapata kidogo mno ukilinganisha na dansi za Afrika Kusini. Iliyopo iliyokusanywa kwa uangalifu iko mbali. Mwanaisimu Andrew Harvey alifanya kazi na Wagorowa wa Babati, akarekodi sauti na video za lugha na utamaduni wao, na mkusanyo huo ukawekwa kwenye hifadhi ya ELAR, wakati huo ikiwa SOAS jijini London. Baadaye hifadhi hiyo ilihamia Berlin. Lengo lake la kwanza lilikuwa lugha, na ni kazi ya thamani. Lakini mtoto wa Babati asihitaji kupitia Ujerumani ili amwone bibi wa mtaa wa pili.

Bibi huyo yupo. Kishikwambi kina kamera. Hii ndiyo kazi ninayoitaka zaidi kuliko zote: mwalimu na watoto wachache waende kwa wazee, watoe shikamoo, waombe, warekodi. Kamera isimame mbali kiasi cha kuliona duara lote, imelazwa, si wima. Iachwe iende bila kukatwa, maana kati ya wimbo na wimbo mzee hueleza mambo ambayo hatayarudia. Mzee aulizwe ipi inafaa watoto na ipi haifai. Za jando na za unyago zibaki mahali pake. Watoto wenyewe washike kamera kwa zamu. Mtoto aliyemrekodi bibi kizee akicheza amekwisha kuitazama ngoma kwa makini kuliko aliyeonyeshwa kioo darasani, maana alilazimika kuifuata miguu isitoke kwenye picha.

Kuhusu kuwarekodi watoto wenyewe, hapa sina utani. Tumezoea kuona video za wanafunzi wakicheza madarasani, sare na jina la shule vikionekana, zikirushwa mitandaoni na watu wazima wanaotafuta wafuasi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamlinda mtoto, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaihesabu picha ya mtu kuwa jambo lake. Mtoto wa miaka saba hawezi kukubali kitu ambacho kitamfuata hadi atakapoomba kazi. Ukitaka kuwarekodi ili waone makosa yao, rekodi miguu. Inatosha. Waonyeshe, wacheke, wajirekebishe, kisha futa mbele yao.

Wapo watakaosema mashine za sasa zinaweza kufundisha bila mwalimu kabisa. Katika Mkoa wa Tanga, kati ya 2017 na 2019, shindano la Global Learning XPRIZE liligawa kompyuta kibao kwa karibu watoto 3,000 katika vijiji karibu 170, wengi wao wakiwa hawaendi shule; zilichajiwa kwa umeme wa jua, na watoto walipiga hatua katika kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Ni ushahidi mkubwa, na ulitoka kwetu. Nchini Marekani nako, jimbo la West Virginia lilitangaza mwaka 2006 kwamba mchezo wa Kijapani wa Dance Dance Revolution, ulioundwa na Konami mwaka 1998, utapelekwa katika shule zake zote 765 za umma ili watoto wafanye mazoezi ya mwili. Unasimama kwenye mkeka, mishale inapanda kwenye kioo, unakanyaga, mashine inakupa alama. Mioyo ya watoto ilidunda, na hilo ni jema.

Ila tazama mkeka ule unapima nini. Unapima kama mguu umefika kwa wakati. Haujui kama uliyesimama mbele yake amekuita, kama ulimwitikia, kama ulimwachia nafasi aingie. Kusoma kunaweza kufanywa na mtoto mmoja na kioo kimoja. Ngoma inahitaji mtoto wa pili. Kwa sababu hiyo sioni siku ambayo kishikwambi kitachukua nafasi ya mwalimu kiwanjani, na ninawaomba wanaoandaa programu za shule wasipoteze fedha kukilazimisha.

Fedha hizo zifanye nini? Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba ya vitabu mtandaoni. Iongeze rafu ya ngoma, kwa mkoa na kwa jamii, video fupi fupi zilizorekodiwa kwa nyuma na kwa mbele, kila moja ikieleza inachezwa lini na inafaa watoto wa umri gani. TaSUBa ina walimu wanaojua kuchambua hatua. TBC ina kanda za redio. Zile za Manyara zikiwekwa pamoja na video mpya za vijiji vile vile, mguu utarudiana na sauti yake. Haya yote hayahitaji kifaa ambacho nchi haina.

Babati inaweza kuanza bila kusubiri. Shule moja, wazee wanne, memori kadi moja. Wazee walipwe nauli na chakula cha siku hiyo, na kamati ya shule ilijadili hilo waziwazi. Pawe na daftari: jina la ngoma, jina la mchezaji, kijiji, tarehe, nani aliyeruhusu na kwa masharti gani. Kisha kadi isajiliwe kwenye leja ya mali ya shule na kupewa namba kama madawati yanavyopewa, nakala moja iwe kwa mwalimu mkuu na nyingine kwa afisa elimu kata. Nasisitiza leja kwa sababu walimu huhamishwa, na barua ya uhamisho haimpi mtu muda. Mwalimu wa Kagera atakapopangiwa Lindi, aondoke na ngoma ya Kigorowa miguuni mwake, hilo ni halali yake. Kadi ibaki Babati, na anayempokea aonyeshwe siku ile ile anayokabidhiwa funguo za stoo.